Jirani Mwenye Giaboksi Mbili

Kwa miaka mingi nimemtakia jirani yangu afya njema, wateja wengi, wajukuu watiifu na amani ya nafsi. Gari lake ndilo pekee nililolitakia kifo. Sikulitakia kifo cha kikatili. Ningeridhika na mauti ya upole, ya uzeeni, ikiwezekana asubuhi ya Jumamosi fundi akiwa karibu, ili nirithi giaboksi kabla haijapoa. Nayasema haya nikijua vyema kwamba kazi yangu ni kufundisha somo la maadili katika chuo kimoja huko Bondo, na kwamba baadhi ya wanafunzi wangu husoma mambo wasiyoagizwa kusoma.

Mtaa mzima humwita jirani huyu Mama Waru, kwa sababu huuza waru, yaani viazi, kwa magunia, katika kibanda kinachotazamana na njia panda ya Mamboleo. Alihamia Kisumu kutoka Kenya ya kati zamani sana. Jina alilobatizwa nimelisikia mara moja tu, kanisani, nikageuza shingo kumtafuta mgeni aliyetajwa. Yeye huniita Mwalimu. Tumetenganishwa na ukuta wa matofali usiozuia chochote, si moshi wa jiko lake, si mawazo yake kuhusu namna ninavyoendesha gari.

Lakini kilichotufunga pamoja hakikuwa ukuta. Sote wawili tulikuwa na gari la aina moja, refu, lenye mgongo wa mviringo, ambalo watu wa hapa walilipachika jina la Kobe, kwa ajili ya umbo lake na, kwa mujibu wa wenye husuda, kwa ajili ya mwendo wake. Lake lilikuwa la kijani, langu jeupe. Waliolitengeneza waliacha kulitengeneza siku nyingi zilizopita, na maduka ya spea ya mjini yakaacha kuagiza vipuri vyake, moja baada ya jingine, kama marafiki wanaoacha kupokea simu. Siku moja niliingia katika duka kubwa kuulizia bushi za mbele. Mwenye duka alinitazama kwa huruma iliyonifanya nitamani kuketi.

"Madam," akasema, "hiyo spea uende uulize kwa makumbusho."

Ningekuwa na akili ningeliuza Kobe langu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kujipatia kijigari kipya chenye umbo la yai. Tatizo lilikuwa goti la mama yangu. Mama anaishi Usenge, ufuoni mwa ziwa, na kila mwezi hana budi kufika kliniki mjini Kisumu ili wampime na kumpa dawa za moyo. Goti lake la kulia lilikataa kukunjika tangu alipoanguka kwenye mawe ya ufuo. Kiti cha mbele cha Kobe hurudi nyuma mpaka kikaribie kulala, na mama hunyoosha mguu wake wote humo kama malkia kitandani. Tulijaribu mara moja kumpeleka kwa teksi yenye umbo la yai. Mguu ulitokeza dirishani kuanzia Usenge hadi mjini, umevikwa soksi ya manjano, na kila tulipopita watu walitupungia mkono wakidhani ni kampeni. Mama alisema hatapanda tena gari lolote isipokuwa Kobe, na kama Kobe likifa, basi na dawa zibaki huko huko kliniki. Mama si mtu wa kusema jambo kwa mzaha.

Hivyo ndivyo uhai wa mama yangu ulivyokuja kutegemea giaboksi, na giaboksi ikaja kutegemea Mama Waru.

Nianze na sauti yake, maana ndiyo humtangulia. Mama Waru hasalimu watu, husalimu magari yao. Asubuhi nikiwasha Kobe langu, hupaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Mwalimu! Hiyo gari leo imekohoa kama mzee amekunywa uji moto!"

"Ni baridi tu, Mama."

"Baridi gani Kisumu? Cheki plagi!"

Nami huenda kuangalia plagi, nikiwa nimeshika mkoba wa vitabu, nimevaa viatu vya kisigino, nisijue ninaangalia nini. Mara nyingi yeye naye hakujua. Hilo lilinichukua muda kuligundua. Mama Waru hutoa uchunguzi wake kwa uhakika wa askofu, na mara nyingi hukosea. Aliwahi kunishawishi kwamba redieta yangu inavuja, nikamlipa fundi aibomoe na kuiunganisha upya, kumbe maji yale yalitoka kwenye ndoo ya kuku wake, upande wake wa ukuta. Nilipomweleza hakutikisika. "Sasa unajua redieta yako ni nzima," akasema. "Si hiyo ni habari njema?"

Ana misemo aliyoitunga mwenyewe na kuinukuu kana kwamba imeandikwa mahali. "Gari ya zamani ni kama mume: ikipiga kelele uliza, ikinyamaza uliza sana." Au, mteja akilalamika kwamba bei ya viazi ni mbaya: "Njaa nayo umeiuliza bei yake?" Kuhusu mafundi alikuwa na imani moja tu, kwamba Mungu hasahau mtu, ila fundi husahau nati. Kila Kobe lake lilipotoka matengenezoni alilitikisa kwa mabega, mlango kwa mlango, akisikiliza, huku fundi wetu, Ouma, amesimama kando amekunja mikono kama mshtakiwa.

Na huyu Ouma nimtaje kabisa, maana ndiye aliyetutibia sote wawili. Ana uwanja wa gereji nyuma ya soko la Mamboleo, chini ya mabati matatu yaliyoegemezwa kwenye vyuma vya reli. Hana siri. Ukimweleza jambo saa tatu, saa nne mwenzako analo. Nilijua hivyo, na bado nilimweleza kila kitu, kwa sababu mtu aliyelala chali chini ya gari lako hukufanya ujisikie unasikilizwa.

Mama Waru alijaa mambo yasiyokaa pamoja. Anauza viazi mchana kutwa na hali viazi. Nyumbani kwake ni ugali na samaki, naye huchambua kichwa cha mbuta kwa ustadi ambao mimi, binti wa ufuoni, sikuwahi kuufikia. Kanisani hutoa ushuhuda mrefu kuhusu ukarimu, na akirudi hunidai kiberiti alichoniazima. Kwenye matanga ya mtaa wetu ndiye wa kwanza kufika na gunia begani, akishika mwiko wa sufuria kubwa kabla wenye msiba hawajajua nani anapika. Dholuo yake, lugha ya kwetu Waluo, ina milima ya kwao ndani, lakini hatoi hata neno moja kwa haya. Mimi Kikuyu chake nilijifunza maneno mawili, na yote mawili ni ya kufukuza kuku.

Kila msimu wa uchaguzi ulipokaribia, baadhi ya wafanyabiashara wenzake walifunga vibanda na kwenda kwao kwa muda, wakihofia ghasia. Yeye hakuenda. Aliingiza Kobe lake la kijani uani kwangu, akaliegesha nyuma ya langu, kisha akaja kukaa jikoni kwangu kutwa nzima akinimenyea vitunguu. Hatukuzungumza juu ya siasa hata kidogo. Alizungumza juu ya ekzosi yangu. Nami nilifunga lango kwa kufuli, nikatoka kila baada ya muda kulitazama gari lile la kijani kama limeguswa, nikalifunika turubai, na safari moja nikaliosha. Nililinda kwa moyo wangu wote kitu nilichokuwa nakiombea kife. Wanafunzi wangu wakiniuliza mfano wa mgongano wa nafsi, huwa natafuta mfano mwingine.

Sasa nifike kwenye kisa cha Usenge, ambacho ndicho kilichompa giaboksi ya pili na kunipa mimi usingizi wa mang'amung'amu.

Mama alinipigia simu kwamba karibu na kwake kuna boma ambamo Kobe moja limelala tangu mwenyewe afariki. Kuku wanatagia ndani, lakini tumbo lake ni zima. Giaboksi yangu wakati huo ilikuwa imeanza kutoa sauti ya mtu anayetafuna changarawe, na Ouma alikuwa ameshatoa hukumu: "Mwalimu, hii itaenda, itaenda, halafu haitaenda." Nikafurahi mno. Nikaona hapa ndipo nitakapomshinda Mama Waru, kwa kuwa boma lile ni la watu wa kwetu, lugha ni yangu, na desturi nazijua mpaka kwenye kingo zake.

Na kweli nilizijua. Kwetu, kitu cha marehemu hakiombwi mlangoni. Huendi tu kwa mjane ukasema nipe chuma kile. Kwanza unakwenda kusalimu, unampa pole hata kama msiba ni wa zamani, unamkumbuka marehemu, unakula ulichopewa, unaondoka bila kutaja shida yako. Ukirudi, unarudi na mtu mzima wa kukusemea. Ndipo wenye boma wanaketi, na jibu hukufuata baadaye. Nilinunua sukari na majani ya chai, nikavaa kitambaa kichwani, nikaenda. Nilisalimu. Nilimlilia marehemu, ambaye sikuwahi kumwona, kwa machozi ambayo mpaka leo sijui yalitoka wapi. Nadhani niliwaza habari ya giaboksi. Nilikula samaki wote niliowekewa. Kobe lilikuwa pale nje, mita chache kutoka nilipoketi, nami sikuligeukia hata mara moja. Niliionea fahari nidhamu yangu.

Wiki iliyofuata nilirudi na mjomba wangu, amevaa koti lake la harusi. Mjomba alisimama akaanza mbali, kwenye ujirani wa koo zetu, akapitia uvuvi wa mababu, akakaribia polepole habari ya magari. Mjane alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa Dholuo ya kawaida tu isiyo na mapambo:

"Giaboksi? Imeshaenda."

"Imeenda wapi, Mama?" nikauliza, nikisahau kwamba si zamu yangu kusema.

"Kuna mama mmoja alileta viazi hotelini hapo ufuoni. Akanikuta nageuza dagaa wa omena juani, akainama akanisaidia. Halafu akauliza, hii gari inalala ama imekufa? Nikamwambia imekufa. Akasema, basi nipatie giaboksi. Nikampa."

Mjomba akaketi taratibu, akilinda koti.

"Lakini mimi nilikuja kabla yake," nikasema.

Mjane akanigeukia. "Wewe ulikuja ukala, ukamlilia mume wangu mpaka kitambaa kikalowa, ukaondoka. Hukutaja gari. Siku zote hizi nimekaa nikijiuliza ulikuwa unamjuaje."

Nyumbani nilimkuta Mama Waru ameegemea ukuta, ananingoja. Ni Ouma aliyekuwa amemwambia habari ya Kobe la Usenge, na ni mimi niliyekuwa nimemwambia Ouma.

"Mwalimu, pole kwa safari," akasema.

"Wewe hukujua kwamba hapo haiombwi hivyo!"

"Sikujua. Ndiyo maana nikaomba."

Kuanzia siku hiyo alikuwa na giaboksi mbili, moja ndani ya Kobe lake na nyingine mahali alipojua yeye, nami nikawa mgeni wa kudumu kibandani kwake. Nilinunua viazi vingi kuliko uwezo wa nyumba yangu kuvila. Tulikunywa chai. Alinikalisha mahali pamoja kila siku, kwenye kitu kigumu kilichofunikwa gunia karibu na mizani, na kila siku nilileta hoja mpya. Nilijaribu ununuzi. Nilijaribu mkopo. Nilijaribu kumweleza kwamba mali isiyotumika huoza, nikamnukulia watu wa kale.

"Hao watu wa kale walikuwa na gari gani?" akauliza.

"Mama, nasema kweli. Yangu inakufa."

"Yangu pia siku moja itakufa. Wewe uko na akiba benki. Mimi akiba yangu ni ya chuma. Siuzi, Mwalimu. Ongeza sukari."

Basi nikabaki na njia moja tu, ya kungoja. Nilijifunza kusikiliza gari lake jinsi yeye alivyosikiliza langu. Injini yake ilikuwa imeanza kula mafuta na kutoa moshi wa samawati, na kila moshi ule ulipozidi moyo wangu ulipata nuru, kisha ukajishutumu, kisha ukapata nuru tena. Nilisimama karibu na ukuta asubuhi nikijifanya namwagilia mchicha. Mchicha ule ulioza mizizi kwa maji. Mwanzoni mwa mwaka huu, asubuhi moja, nilisikia starta ikizunguka, ikizunguka, halafu kimya. Nikasimama na ndoo mkononi. Nikasikia akisema peke yake, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, neno la kwao nisilolijua. Halikuwa la kufukuza kuku.

Ningepaswa kwenda kumpa pole siku hiyo hiyo. Nilichelewa, nikitafakari ni pole ya namna gani isiyofanana na ombi. Kabla sijaipata, giaboksi yangu nayo ilitimiza unabii wa Ouma.

Ilikuwa siku moja kabla ya kliniki ya mama. Nilikuwa nimetoka mjini, na kwenye njia panda ya Mamboleo, katikati kabisa, palipojaa bodaboda, mikokoteni na wauza nyanya, nilitia gia ya kwanza nikapata upepo. Ya pili, upepo. Ya tatu, mlio wa sufuria zikianguka. Gia moja tu ilikubali, ya kurudi nyuma. Nyuma yangu honi zilianza kulia. Gereji ya Ouma ilikuwa upande wa pili wa soko. Nikafikiri kwa mantiki, kama nilivyosomeshwa, nikageuza shingo, na nikaanza kulivuka soko la Mamboleo kinyumenyume.

Mwenye mkokoteni mmoja alijiteua kuwa kiongozi wa msafara. "Pisheni! Pisheni! Mwalimu anakuja na mgongo!" Wauza nyanya waliinua ndoo zao. "Mwalimu, umesahau nini nyumbani?" akauliza mmoja. "Hapana, anarudisha mtihani!" akajibu mwenzake. Mama mmoja aliniombea kwa sauti. Mwanafunzi wangu, ambaye nilikuwa nimemwangusha katika insha kuhusu heshima ya binadamu, alisimama kando ya barabara akanisalimu kwa heshima zote. Nilimwitikia kwa kichwa nikiwa natazama upande usio wake. Nilipopita kibanda cha viazi nilimwona Mama Waru amesimama na mikono kiunoni. Yeye peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Ouma alifungua, akachungulia, akatoa mkono uliojaa vipande vidogo vinavyong'aa. "Mwalimu, hapa hakuna giaboksi. Hapa kuna ugali ya vyuma."

Nilikwenda kibandani. Mama Waru alikuwa ameshamimina chai. Nikaketi mahali pangu.

"Umefika mwisho," akasema.

"Nimefika."

"Kesho ni siku ya mama yako."

Sikuwa nimemkumbusha. "Ni kesho."

"Na mimi nimefika mwisho. Injini imekufa kabisa."

"Nimesikia, Mama. Pole sana."

"Najua ulisikia. Nilikuona kwa ukuta, wewe na ndoo." Akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa. "Mwalimu, unafikiri kwa nini nilikataa kukuuzia?"

"Uchoyo," nikasema. Sikuwa na nguvu za kutunga jingine.

"Uchoyo kidogo. Lakini ni hiyo injini yako. Kila asubuhi naisikia inawaka mara moja tu, hata haijiulizi. Mimi hapo kitandani nasema, Bwana, huyu mwanamke achoke na hiyo giaboksi, auze gari, mimi nichukue injini."

"Ulikuwa ukiomba gari langu life?"

"Na wewe ulikuwa ukiomba nini hapo kwa mchicha?"

Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto mno, lakini nilikunywa.

Nje, wapagazi walipita na magunia. Mama Waru aliwatazama mpaka wakaisha. Alikuwa na injini iliyokufa na giaboksi mbili, mimi nilikuwa na injini hai bila giaboksi, na kati yetu alikuwapo mwanamke wa Usenge ambaye dawa zake zilikuwa zinaisha. Kama angeendelea kukataa, ningelazimika kuuza kile ambacho yeye alikihitaji, na pengine ningemwuzia yeye, kesho kutwa, nikiwa nimevunjika moyo. Alihitaji kungoja kidogo tu. Nilijua hivyo, na niliona kwamba naye anajua.

"Nikikaa kimya," akasema hatimaye, "napata gari nzima. Halafu mama yako anakosa dawa, na mimi nakuja matangani na gunia, kama kawaida yangu. Nishike mwiko namna gani, Mwalimu?"

Nikaweka kikombe chini.

"Tufanye gari moja. Yako, kwa sababu yangu nilitoa kiti cha mbele nikaweka viazi, na mama anataka kiti. Siku ya soko ni yangu. Siku ya kliniki ni ya mama."

"Na siku zangu mimi?"

"Wewe uko na miguu. Na kuna magari ya Bondo kila saa."

Ni aibu kuandika kwamba nilisita. Nilifikiri juu ya viti vyangu, ambavyo nilivifumia vitambaa kwa mkono wangu, vyeupe, vyenye maua pembeni. Nilifikiri juu ya udongo wa viazi. Nilifikiri, Mungu anisamehe, juu ya marashi yangu ya gari. Kisha nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo ilipaswa kuwa ya ukarimu lakini ilitoka kama ya mtu anayekubali sindano.

"Basi simama," akasema.

Nikasimama. Akavuta gunia nililokuwa nimelikalia. Chini yake, imefungwa kwa kitenge cha zamani, imepakwa mafuta kila mahali kama mtoto mchanga, ilikuwa giaboksi ya Usenge. Miaka yote ya hoja zangu, ya mikopo na ya watu wa kale, nilikuwa nimeikalia.

"Ungeniambia!"

"Ulikuwa unaipa joto," akasema.

Ouma aliifunga mchana huo huo. Kabla hajaanza alihitaji boliti na vishikizo vya chuma kutoka kwenye Kobe la kijani, ambalo wapagazi walikuwa wamelisukuma hadi pale, na akasema kwamba akishavitoa gari lile halitasimama tena kama gari. Mama Waru aliomba nafasi kidogo. Akaingia, akafunga mlango, akaweka mikono miwili juu ya usukani. Hakuimba, hakutoa msemo wowote. Mimi na Ouma tulijifanya tunatazama tairi. Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu na pua yake si kavu.

"Ouma, toa na betri," akasema. "Maiti haihitaji taa."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshaketi kwenye kiti cha dereva. Nilisimama nje ya gari langu nikiwa na ufunguo wa gari langu.

"Hii giaboksi inanijua mimi," akasema. "Ingia."

Kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa cha mama, niliingia nyuma. Tulipita Kisian, tukapita Bondo mbele ya lango la chuo changu, nikainama kidogo. Gia ziliingia moja baada ya nyingine bila kelele, kama maji. Huko Usenge, mama alipokuwa bado anatafuta soksi zake, Mama Waru alitokomea ufuoni, akarudi na magunia ya omena aliyoyapata kwa bei ya asubuhi. Njia ni moja, akaeleza, na gari halirudi tupu. Magunia yakaingia nyuma, juu ya vitambaa vyeupe, kushoto kwangu na kulia kwangu, na moja mapajani.

Mama alishikwa mkono, akakalishwa, akanyoosha mguu wake wote. Akamtazama dereva.

"Oyawore," akamsalimu.

"Oyawore, Mama!" akaitikia Mama Waru, na kutoka hapo akaendelea kwa Dholuo yake ya milimani, akiuliza goti, akiuliza bei ya omena, akimweleza kisa cha ndoo ya kuku na redieta yangu. Mama alicheka mpaka akashika kifua, nami nikatupa jicho la hofu, lakini kilikuwa kicheko tu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo ndani ya gari lile nikiendesha mimi.

Baada ya Bondo mama aligeuza shingo kwa shida akanitafuta kati ya magunia.

"Nyathina, mwanangu, yule jirani yako mchoyo unayenilalamikia kila mwezi, amefika wapi?"

"Ndiye huyu, Mama," nikasema.

Mama akageuka mbele, akamtazama Mama Waru akibadilisha gia kwenye mteremko, mkono mmoja, bila hata kuangalia.

"Mwezi ujao aje huyu," akasema. "Wewe kama una kazi ya chuo, usijisumbue."

Tulifika kliniki kabla ya foleni kujaa. Mama alipimwa, akapewa dawa zake, na muuguzi akauliza ni nani kati yetu ni binti yake. Mama alinionyesha kwa kidole. Muuguzi akaninusa, akasogea hatua moja, akaandika jina langu kwa mbali.